Mungu Alikujibu Nini? Neno Kuhusu Kifo cha Kiroho

Najua wengi wenu mnasoma posti hizi asubuhi mkiwa ndani ya matatu, mkitoka Langas au Huruma kuelekea kazini. Ya leo ni ndefu kuliko kawaida. Ukifika steji kabla hujamaliza, iweke, uimalizie jioni.

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa kanisa letu aliniandikia kwa WhatsApp saa sita usiku. Nimemwomba ruhusa nizungumzie ujumbe wake bila kumtaja jina, naye amekubali. Anasema haachi ibada ya kwanza, anatoa fungu la kumi, kesha za Ijumaa anakuja, lakini sasa ni miezi mingi hahisi kitu. Waimbaji wanaimba, watu wanalia pande zote, yeye anaangalia saa. Katikati ya ujumbe kulikuwa na mstari mmoja juu ya kaka yake na shamba la marehemu baba yao, kisha akarudi kwenye habari za maombi. Mwisho akauliza: "Pasta, je, mimi nimekufa kiroho?"

Nilianza kumjibu usiku uleule, kisha nikafuta yote. Nilikuwa nimeandika majibu ya darasani, yale ambayo mtu anayasoma, anajibu "Amina Pasta", halafu analala vilevile. Swali lake linastahili zaidi ya hayo. Na kwa kuwa najua si lake peke yake, nimeona nikuandikie na wewe.

Kwanza nikuondolee mzigo mmoja. Kiswahili chetu kina kufa kwa namna nyingi. Kuna kufa moyo. Mtu amechoka, amevunjika, amengoja jambo mpaka tumaini limekauka. Huko si kufa kiroho. Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbinguni watu wakiona, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mti wa mretemu akimwomba Mungu amwondoe duniani. Mungu hakumkemea, wala hakumfungulia darasa la imani. Alimpelekea mkate wa moto na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Kwa hiyo mama uliyezika mtoto mwezi wa tatu na sasa huwezi kuimba, wewe hujafa. Kijana uliyehitimu ukazunguka na vyeti mwaka wa tatu huu, na maombi yako yamebaki sentensi mbili, hujafa. Na kama huzuni imekaa juu yako wiki baada ya wiki, usingizi umekuhama, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu leo, na uende hospitali umwone daktari. Si upungufu wa imani. Nimewaona watu wakifunga na kupanda milima ya maombi wakati walichohitaji ni uji, usingizi na dawa. Nasema hivi nikiwa mhubiri anayeamini maombi kwa moyo wote.

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe.

Mungu alimwonya Adamu katika Mwanzo 2:17 kwamba siku atakayokula tunda la mti ule, atakufa. Adamu akala. Jioni ile alikuwa bado anatembea, na ukiendelea hadi sura ya tano utakuta ameishi miaka 930. Je, Mungu alisema uongo? Mwalimu wetu wa Chuo cha Biblia alituuliza swali hilo wiki ya kwanza, nasi tukajibu kwa sauti moja kama watu wanaojua: kifo ni kutengana. Roho ikitengana na mwili, ndicho kifo kile tunachokijua kwa jeneza na matanga. Mtu akitengana na Mungu aliye uhai wake, huyo amekufa kiroho, hata kama anapumua, anafanya biashara na kuzaa watoto. Na kutengana kusiko na kurudi ndiko kule Ufunuo 20 inakoita mauti ya pili.

Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Ni mafundisho ya kweli, na hadi leo nayafundisha. Shida ni kwamba hayakunisaidia kumtambua mfu nikimwona, hasa nikimwona kwenye kioo.

Rudi Mwanzo usome polepole. Baada ya kula, Adamu anajificha Mungu anapokuja. Kisha anaulizwa, na kidole chake kinaenda kwa mkewe. Hiyo ni sura ya tatu. Ukigeuza ukurasa, sura ya nne, vijana wawili wako shambani na mmoja harudi nyumbani. Kifo kiliingia sura ya tatu, harufu ikasikika sura ya nne. Na usisahau Kaini alikuwa ametoka wapi. Alikuwa ametoka madhabahuni. Katika sura ile ndiye wa kwanza kutajwa akimletea Mungu sadaka. Alipoulizwa habari za ndugu yake, akajibu kama mtu aliyeulizwa jambo lisilomhusu.

Ndiyo sababu nampenda Yohana mzee. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 14, anaeleza tunavyojua kwamba tumevuka kutoka mautini kuingia uzimani, na kipimo anachokitoa ni kuwapenda ndugu. Asiyependa, anasema, bado anakaa mautini. Angeweza kuchagua kipimo kingine. Angetaja kunena kwa lugha, na mimi nanena kwa lugha na namshukuru Mungu kwa hilo. Angetaja machozi wakati wa sifa. Hakuvitaja.

Mpendwa, nikueleze mahali nilipojifunza mstari huo. Wengine mmenisikia nikiugusa juu juu madhabahuni. Sijawahi kuandika yote.

Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulinikuta nyumbani kwa wazazi wangu, nje kidogo ya mji wetu wa Eldoret. Nilikuwa likizoni, nimebakiza mwaka mmoja chuoni. Wazazi walikuwa wamesafiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwenye boma. Jumapili jioni, tarehe 30, matokeo ya urais yalipotangazwa, hatukulala. Ulikuwa ukisikia kelele upande huu, halafu unaona mwanga wa moto upande ule.

Jumatatu, kabla giza halijaingia, mama jirani alikuja langoni na watoto wake wawili. Sitakuandikia kabila lake wala langu. Nawajua, nikiandika mtaanza kuhesabu. Nitakuambia tu kwamba kwa miaka mingi maziwa ya chai yetu yalitoka kwa ng'ombe wake, na kama hatukuwa na pesa alikuwa akisema tutalipa mwisho wa mwezi. Msichana wake alikuwa wa miaka kama saba. Alikuwa amevaa sweta mbili, ya shule na juu yake ya nyumbani. Mvulana alikuwa amelala mgongoni.

Hakujiombea nafasi yeye mwenyewe. Aliomba watoto tu, usiku mmoja au miwili, maana nyumba yetu haingeguswa. Na alisema kweli, haingeguswa.

Niliogopa. Tulikuwa tumesikia kwamba atakayeficha mtu atachomewa pamoja naye, na hofu ile haikuwa ya kubuni. Wako waliofungua milango yao wiki ile wakijua wanachohatarisha, Mungu awakumbuke. Sikulaumu wewe uliyeogopa, na mimi sijilaumu kwa kuogopa. Nataka usikie nilichosema. Nilisimama ndani ya lango, mkono kwenye komeo, nikamwambia: "Mama, acha kwanza niliombee jambo hili."

Akanitazama. Akasema, "Sawa, mwanangu." Akamshika msichana mkono, wakaondoka.

Nikafunga lango, nikaingia chumbani, na kweli nikaomba. Niliomba zaidi ya saa nzima. Niliombea Kenya, niliombea viongozi, nililia, nilinena kwa lugha. Nilipoinuka nilikuwa na amani. Nakwambia amani ile niliihisi kabisa, mpaka nikaiandika kwenye daftari langu la maombi, tarehe na saa, kama uthibitisho. Hapo ndipo panaponitisha kuliko pengine pote katika habari hii. Kama ndugu yangu wa saa sita usiku angenipima jioni ile kwa kipimo chake, angesema huyu kijana yuko moto.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, 1 Januari 2008. Unajua kilichotokea Kiambaa siku ile, na kama ulikuwa mtoto, waulize wazazi wako. Familia zilizokimbia makwao zilikuwa zimejihifadhi ndani ya kanisa la Kenya Assemblies of God, kanisa la Kipentekoste kama letu, wengi wao akina mama na watoto. Kundi la vijana likalizingira. Magodoro na blanketi zikamwagiwa petroli, kanisa likawashwa moto watu wakiwa ndani. Walikufa zaidi ya 25. Mwaka 2009 watu wanne walioshtakiwa kwa kitendo hicho waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima katika ghasia zile, ikafikia watu 1,133.

Lakini sikuandiki leo kuhusu waliowasha moto. Nakuandikia kuhusu kijana wa Chuo cha Biblia aliyekuwa na redio.

Habari iliponifikia, swali la kwanza moyoni mwangu halikuwa "wangapi?" Halikuwa "watoto?" Lilikuwa, "Ni wetu au ni wao?" Na nilipojua, kitu ndani ya kifua changu kikakaa chini kikatulia. Sikufurahi. Nataka uelewe hilo, sikufurahi hata kidogo, na kama ungeniuliza ningekuambia ni unyama, na ningekusomea na mstari. Nilitulia tu.

Huko ndiko kufa. Sikuwa nimeshika chupa ya pombe. Sikuwa na mwanamke wa pembeni. Daftari langu la maombi lilikuwa mezani, wino wa jana haujakauka vizuri. Na nilikuwa maiti.

Kuna kufa kwingine ambako Kiswahili kimetupa, na nadhani kunasaidia kuliko somo langu lote la chuoni: kufa ganzi. Umekalia mguu wakati wa kesha, damu haipiti, mguu umekufa ganzi. Uko palepale, umevaa kiatu, ukiutazama ni mzima. Kaa la moto likiuangukia, utasikia harufu ya nyama kabla hujasikia uchungu. Roho iliyokufa iko hivyo. Haijui kwamba imekufa, kwa sababu kile ambacho kingeijulisha ndicho kilichokufa. Ndiyo maana kanisa la Sardi katika Ufunuo 3 lilihitaji kuandikiwa barua kutoka mbinguni. Watu wote waliliona lina uhai, jina lilikuwa kubwa, na lenyewe bila shaka lilijiona hivyo hivyo.

Usidhani ni jambo la Eldoret peke yake. Wazee wetu wengi waliokoka katika uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ulikuwa moto wa kweli. Wale ndugu waliungama dhambi kwa jina, walirudisha kuku walioiba, waliomba msamaha kwa watu waliowachukia. Hapa Kenya wakati wa Mau Mau wako waliokataa kula kiapo, na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, na wengine wakauawa kwa kukataa huko. Lakini nchi hiyohiyo ya Rwanda, mwezi wa nne 1994, watu waliokimbilia makanisani Ntarama na Nyamata waliuawa humohumo ndani, na waliobatizwa walikuwa pande zote mbili za panga. Uhai wa babu yako haukuzuii wewe kufa. Nao wangu haumtoshi mwanangu.

Narudi kwenye habari yangu.

Tarehe 28 Februari makubaliano ya amani yalitiwa saini Nairobi. Wakati huo maelfu walikuwa bado wanaishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho hapa mjini. Vijana wa kanisa tulikusanya blanketi na unga, tukaenda kugawa. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa natoa blanketi bila kutazama nyuso, kama unavyomgawia mtu karatasi. Nikampa mama mmoja, mkono wake ukabaki kwenye blanketi, haukuondoka. Ndipo nikainua macho.

Alikuwa yeye. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anavyouliza habari za safari: "Mwanangu, ulisema utaomba. Mungu alikujibu nini?"

Unajua nilijibu nini? Nilimwambia Mungu ni mwema.

Akasema, "Ni kweli." Akasogea, kwa sababu nyuma yake walikuwa wanasukumana. Baadaye nilisikia kutoka kwa wengine kwamba usiku ule walilala shambani ndani ya mabua ya mahindi, na wa pili pia, ndipo wakapata njia ya kufika kituo cha polisi.

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi sikuweza kuomba. Hakukuwa na lugha, hakukuwa na machozi. Nilikuwa na sweta mbili mbele ya macho yangu. Ilikuwa inauma, mpendwa, kama mguu unavyouma ganzi ikianza kuondoka, ile michomo inayokufanya utake kurudi kuukalia. Wengi hukimbia kanisa wakifika hapo. Hudhani Mungu amewaacha, na kumbe damu ndiyo kwanza imeanza kupita.

Sikujifufua. Paulo katika Waefeso 2 anapoeleza tulivyokuwa kabla ya neema, anatumia neno la Kigiriki "nekros", ambalo ni mfu, ni maiti. Hakusema mgonjwa. Mgonjwa unamwambia ajikaze, anyooshe mkono, afungue mdomo anywe dawa. Maiti utamwambia nini? Katika mstari wa nne na wa tano ni Mungu anayefanya kazi yote, kwa rehema na kwa pendo, akituhuisha pamoja na Kristo. Lazaro hakusaidia kitu siku ile Bethania. Jiwe liliondolewa na wengine, jina lake likaitwa na Yesu, na hata alipotoka na sanda, watu waliambiwa wamfungue. Mimi jina langu liliitwa kwenye foleni ya blanketi, kwa mdomo wa mama niliyemfungia lango. Wiki zote zile nilikuwa namwomba Yesu aseme na Kenya. Yeye alikuwa ananitafuta mimi.

Kuna wanaoniuliza kama aliyeokoka anaweza kufa tena. Ndugu zetu wa makanisa mengine wanalifundisha jambo hili tofauti na sisi, na sitagombana nao hapa. Mimi nasoma Warumi 8:13, Paulo akiwaandikia watu waliookoka na kuwaonya juu ya mauti, na nasoma mwisho wa Yakobo 5, ambako anayemrejesha ndugu aliyepotea anaiokoa roho yake na mauti. Nasoma, halafu nakumbuka daftari langu. Sina maswali mengi.

Toba yangu haikuwa ya haraka. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda kesho yake. Nilikwenda baada ya miaka miwili, nikiwa nimeshahitimu na kuwekewa mikono, na katikati nilihubiri sana, hata juu ya upendo. Yeye alikuwa ameuza kipande chake cha ardhi akahamia upande wa Nakuru. Nilipanda matatu. Akanipikia chai, ya maziwa. Safari nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya "kama nilikukosea" na "hali ilivyokuwa". Nilipokaa, Roho Mtakatifu akayakataa yote. Nikamwambia, "Mama, nilikufungia lango. Sikuwa naomba. Nilikuwa najificha."

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Akaniambia tu kwamba msichana bado analala na sweta mbili.

Nilirudi Eldoret bila kile nilichokifuata. Nilikuwa nimekwenda kuchukua msamaha kama mtu anavyokwenda kuchukua risiti. Katika 2014, wakati wa kupanda, simu yangu ililia na alikuwa yeye, anataka kujua mbolea inauzwa bei gani huku kwetu. Tukaongea mbolea, tukaongea mvua, akaniuliza mke wangu anaendeleaje. Tangu hapo hunipigia. Sijawahi kumuuliza kama simu ile ndiyo ilikuwa jibu.

Mpendwa unayesoma, usijipime kwa machozi ya Jumapili. Jipime kwa swali lile la "wetu au wao". Likija moyoni mwako, linakuja kabla ya nini? Kundi la WhatsApp la ukoo wenu linacheka nini siku hizi, nawe unaweka ile alama ya kucheka na kuendelea? Tunaelekea 2027, na tayari naona kwenye simu za washirika wangu mambo ambayo nisingependa Yesu ayakute. Wengine ni ndani ya nyumba: dada wa kazi anakula mabaki, na mama wa nyumba ni kiongozi wa maombi. Sikutukani. Ninajua harufu hii, nimeishi nayo.

Na kama hujawahi kumpokea Yesu, usingoje kwanza ufanane na mtu aliye hai. Hutafanana. Mwite ulivyo, hapo ulipo kwenye matatu. Katika Yohana 5 mistari ya 24 na 25 anasema wafu watasikia sauti yake, na anayesikia na kuamini amekwisha kuvuka. Ukimwita leo, nitumie ujumbe, tukutafutie watu wa kutembea nawe. Usitembee peke yako.

Ndugu yangu wa saa sita usiku, sasa nakujibu wewe, na nashukuru kwa kuniruhusu nikujibu mbele za watu. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi. Sijui kama umekufa moyo, au kiroho, au umechoka tu. Lakini umeandika mistari mingi sana juu ya sifa na maombi, na mmoja juu ya kaka yako. Uliandika kwamba hamjasalimiana tangu shamba la mzee ligawanywe 2019, "ila hayo tuliyaacha". Ni mstari huo tu ambao ulipoandikwa sikusikia ukilalamika. Ungelalamika ningekuwa na matumaini zaidi.

Yesu katika Mathayo 5 anazungumza na mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi, ndipo anakumbuka ndugu aliye na jambo juu yake. Anamwambia aiache pale pale, aende. Kwa hiyo fungu lako la kumi la Jumapili hii usilete kwanza. Mweka hazina atanisamehe.

Jumamosi sina mazishi wala harusi. Nitakupitia saa tatu asubuhi, twende kwa kaka yako na gari langu. Usipange maneno njiani. Kama hatafungua, tutarudi, na Jumamosi nyingine tutakwenda tena. Na kama utaogopa ukifika langoni, baki kwenye gari kidogo. Nitabisha mimi.